Zinki iliyoliwa ndiyo iliyokuwa ikiilinda mashine ya mjomba



Juma lililopita binti yangu, ambaye yuko kidato cha tatu, alikuwa akizunguka sebuleni na daftari la kemia mkononi, akikariri kama anayehifadhi juzuu: potasiamu, sodiamu, kalsiamu, magnesiamu, alumini, zinki, chuma, risasi, shaba, fedha, dhahabu. Huo ndio mpangilio wa ukali wa metali, kuanzia iliyo kali hadi iliyo tulivu. Nilimwacha amalize mara ya tatu, kisha nikamuuliza, "Mwanangu, kwani kwa nini zimefuatana hivyo?"

"Ndivyo tulivyopewa, Baba."

"Na zimekaa wapi kwenye lile jedwali la elementi lililobandikwa darasani kwenu?"

Akaniambia hiyo ni mada nyingine, walishaisoma kidato cha pili na mtihani wake ukapita.

Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa na diploma ya ufundi ukutani siku ile nilipoiharibu mashine ya mjomba wangu kwa mkono wangu. Kisa hiki sikupata kukiandika hapa kwa sababu kinaniaibisha, lakini leo nakitoa. Huenda kikamwokolea mtu mashine yake, na mwanafunzi akapata jambo la kushika badala ya kukariri.

Mjomba ana boti ya kuvulia huko Lamu, na nyumba tatu zinakula kutokana na boti hiyo. Miaka kadhaa iliyopita alinunua mashine iliyokwisha kutumika. Nilikuwa likizoni, boti ikapandishwa pwani, nami nikajitolea kuisugua mashine na kuipaka rangi. Chini ya mguu wake, karibu na propela, kulikuwa na kipande cha metali ya kijivu kilichotobokatoboka kama kimetafunwa na panya. Nikakionea aibu. Nikakipiga msasa kidogo, kisha nikakipaka rangi nyeusi tabaka mbili pamoja na mguu mzima. Mashine ikang'aa, na mjomba akaniombea dua.

Baada ya kusi moja na kaskazi moja, simu ikapigwa. Oili ya gia ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, dalili kwamba maji ya bahari yameingia ndani. Fundi alipoikwangua rangi, aliukuta mguu wa alumini umeota unga mweupe, na chini ya unga mna mashimo. Shimo moja lilikuwa limefika pale panapokaa sili ya shafti. Kile kipande cha kijivu, nilichokikuta kimeliwa nusu, kilikuwa vile vile nilivyokiacha, hakikupungua hata kidogo chini ya rangi yangu. Fundi akauliza ni nani aliyeipaka zinki rangi. Mjomba akajibu, "Mpwa wangu, yule msomi."

Boti ilikaa nchi kavu majuma matatu.

Kumbe kile kipande kiliwekwa pale ili kiliwe. Kilikuwa kinatoa mwili wake baharini ili alumini isitoe wake, nami nikakifunga mdomo. Kwa nini zinki ikubali kuliwa na alumini isalimike? Jibu linaanzia kwenye jedwali lile lile ambalo binti yangu alidhani ni mada iliyokwisha.

Kutoa ndiko kuwa mkali

Kila metali imejengwa kwa atomu. Katikati ya atomu mna kiini chenye protoni, na kukizunguka kiini kuna elektroni zilizojipanga kwa ngazi, nyingine karibu na nyingine mbali. Protoni huzivuta elektroni zisiondoke. Metali inapopata kutu, inapochemka majini au inapoliwa na asidi, tendo la msingi ni moja: imetoa elektroni zake za ngazi ya nje, ikampa mwingine. Inayotoa kwa urahisi tunaiita kali. Inayozing'ang'ania tunaiita tulivu.

Kwa hiyo ukitaka kujua ukali wa metali, anza na maswali matatu. Ina elektroni ngapi kwenye ngazi ya nje? Ngazi hiyo iko mbali kiasi gani na kiini? Na kiini kinavuta kwa nguvu gani?

Jedwali la elementi linajibu maswali haya kwa jinsi lilivyopangwa. Mrusi Dmitri Mendeleev alipolitoa mwaka 1869, elektroni zilikuwa hazijagunduliwa. Alichoona ni kwamba ukizipanga elementi kwa uzito wake, tabia hujirudia, na zenye tabia za kufanana akaziweka pamoja. Katika jedwali la leo zimesimama kwenye safu moja, na safu hiyo ndiyo tunayoiita kundi. Baadaye sana ndipo wataalamu wakafahamu sababu: walio katika kundi moja wana mpangilio wa kufanana wa elektroni za nje.

Ukingo wa kushoto: kundi la kwanza

Tuanze mkono wa kushoto kabisa. Hapo, kutoka juu kwenda chini, wamesimama lithiamu, sodiamu, potasiamu, rubidiamu na siziamu. Kila mmoja ana elektroni moja tu ya nje. Kuitoa hiyo moja ni kazi ndogo, kwa hiyo wote ni wakali. Sodiamu na potasiamu huhifadhiwa ndani ya mafuta ili zisikutane na hewa wala unyevu.

Lakini hawalingani. Tia lithiamu majini, itaelea na kutoa mapovu taratibu. Tia sodiamu, itayeyuka iwe kijipira kinachokimbia huku na huku juu ya maji. Potasiamu itawaka moto wa rangi ya zambarau hapo hapo. Rubidiamu na siziamu hulipuka. Kadiri unavyoshuka kwenye kundi, ndivyo ukali unavyoongezeka.

Sababu ni umbali. Elektroni ya nje ya lithiamu iko ngazi ya pili, ya sodiamu ya tatu, ya potasiamu ya nne, ya siziamu ya sita. Ni kweli kiini kinaongezeka protoni unaposhuka, lakini elektroni za ngazi za ndani hukaa katikati kama pazia, zikapunguza mvuto unaoifikia ile ya nje. Mfano wake ni mtoto aliyeshikwa mkono na mtoto anayechungwa kutoka roshani ya ghorofa ya sita. Yupi atatoroka kwanza?

Siziamu, kwa taarifa yako, huyeyuka kwenye nyuzi 28.5 za selisiasi. Mchana wa Februari hapa Mombasa ingekuwa maji maji ndani ya chupa yake bila kuwashiwa moto.

Ndiyo sababu hujapata kuona bonge la sodiamu limelala ufuoni, ingawa tumezungukwa nayo. Kila lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na chumvi iliyo nyingi zaidi humo ni sodiamu iliyoungana na klorini. Chumvi inayoanikwa kule Gongoni na Marereni ni sodiamu iliyokwisha kutoa elektroni yake ikatulia. Magadi tunayotilia maharagwe nayo yana sodiamu. Imo kila mahali, ila peke yake haipatikani.

Jirani wa pili, na kwa nini chokaa si metali

Sogea hatua moja kulia, uingie kundi la pili: beriliamu, magnesiamu, kalsiamu, strontiamu, bariamu. Hawa wana elektroni mbili za nje. Kuzitoa mbili ni kazi zaidi ya kutoa moja, na kiini cha kila mmoja kina protoni moja zaidi ya jirani yake wa kushoto, huku elektroni za nje zikiwa ngazi ile ile. Mvuto umezidi lakini umbali haukuzidi. Kwa hiyo kundi la pili ni kali, ila si kali kama la kwanza. Potasiamu huwaka majini. Kalsiamu, jirani yake wa mkono wa kulia, hutoa mapovu tu bila moto. Magnesiamu, iliyo juu ya kalsiamu, ikitiwa maji baridi hutoa vipovu vichache ambavyo huenda usivione. Kanuni ya kushuka ni ile ile: ukishuka, ukali huongezeka.

Kalsiamu ndiyo iliyojenga miji yetu. Matumbawe ni kalsiamu iliyoungana na kaboni na oksijeni. Wazee waliyachoma kwenye tanuri za kuni wakapata chokaa, wakaitia maji ikachemka yenyewe, kisha wakapigia kuta za Lamu, Pate na Mji wa Kale. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeiona kalsiamu yenyewe, maana kuni hazina nguvu ya kuitoa kwa walioishika.

Hili linafafanua jambo la historia ambalo lilinisumbua nilipokuwa kijana. Dhahabu, fedha na shaba zimejulikana tangu kale na kale. Chuma kilikuja baadaye, kwa sababu kilihitaji makaa na tanuri kali. Lakini potasiamu na sodiamu, zilizojaa kwenye majivu na chumvi, hazikupatikana hadi mwaka 1807, Mwingereza Humphry Davy alipopitisha umeme kwenye vitu vilivyoyeyushwa. Mwaka 1808 akapata kalsiamu, magnesiamu, strontiamu na bariamu kwa njia ya umeme vile vile. Kadiri metali inavyokuwa kali ndivyo inavyoshikamana na wenzake, na ndivyo ilivyochelewa kufika mikononi mwa watu. Mshike Davy, maana tutakutana naye tena baharini.

Katikati ya jedwali mambo hugeuka

Sasa ndipo wanafunzi wengi hupotea. Ukishakariri kwamba kushuka ni kuzidi ukali, unafika kundi la 11, lenye shaba nyekundu, fedha na dhahabu, unakuta mambo yamepinduka. Shaba iko juu na ndiyo yenye ukali kidogo. Fedha iko chini yake na ni tulivu zaidi. Dhahabu iko chini yao wawili na ndiyo tulivu kabisa.

Tulinganishe potasiamu na shaba. Zote ziko mstari wa nne. Zote zina elektroni moja kwenye ngazi ya nne. Kwa hesabu ya haraka ungesema ni ndugu. Lakini potasiamu ina protoni 19, shaba ina 29. Kati yao zimeongezeka protoni kumi, na elektroni kumi zimeingia ngazi ya ndani. Elektroni hizo kumi ni pazia jepesi, haliuzibi mvuto wa protoni kumi zilizoongezeka. Kwa hiyo elektroni ya nje ya shaba imeshikwa kwa nguvu kuliko ya potasiamu. Ukishuka hadi dhahabu yenye protoni 79, pazia linazidi kuwa hafifu kwa kulinganisha na mvuto, na elektroni inashikwa zaidi.

Ndiyo maana kundi hili ndilo lililokuwa hazina ya dunia. Dinari ilikuwa dhahabu, dirhamu ilikuwa fedha, na senti za watu wa kawaida zikawa shaba. Zote tatu ni safu moja ya jedwali. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, zilifukuliwa sarafu zaidi ya 2,000 za fedha pamoja na chache za dhahabu, zilizokaa ardhini zaidi ya miaka 900. Lau zingekuwa za chuma, pengine wachimbaji wangeambulia udongo mwekundu.

Akina mama wanaosoma hapa wanafahamu zaidi yangu kwamba si kila kinachoitwa dhahabu hubaki safi. Dhahabu ya karati 18 ina sehemu 18 za dhahabu kati ya 24, yaani asilimia 75. Zilizobaki ni metali nyingine, mara nyingi shaba na fedha. Kinachofifia kwenye kidani ni hao jamaa waliochanganywa.

Na zinki je? Zinki ni jirani wa kulia wa shaba, kundi la 12, ina protoni 30. Kama kusogea kulia ni kutulia, mbona zinki ni kali kuliko shaba? Hapa kuna swali la nne la kuongeza: atomu zenyewe zimeshikana vipi? Kabla metali haijatoa elektroni majini, atomu yake lazima ing'oke kutoka kwa wenzake. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 tu. Atomu za zinki hazikushikana sana, kwa hiyo hung'oka upesi na kwenda zake.

Kwa ufupi, kwenye ukingo wa kushoto kundi peke yake linakupa jibu karibu lote. Katikati, kundi linakupa mwanzo wa jibu, na lazima uulize zaidi.

Metali mbili zikikutana baharini

Hadi hapa tumezungumza metali moja moja. Hasara ya mjomba ilitokana na metali mbili zilizoshikana.

Funga metali mbili tofauti pamoja, uzitie maji ya chumvi. Tayari umetengeneza betri. Elektroni hupita kwenye metali kutoka iliyo kali kwenda iliyo tulivu, na maji ya chumvi hukamilisha njia. Iliyo kali hutoa elektroni, huku atomu zake zikiyeyuka baharini. Iliyo tulivu hupokea elektroni, kwa hiyo haina haja ya kutoa zake. Mmoja huliwa, mwingine hulindwa. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, na kwenye chombo cha bahari msemo huu ni kemia tupu.

Wanamaji wa Uingereza walilijua hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1761 waliifunika meli ya kivita iitwayo Alarm kwa mabamba ya shaba nyekundu chini ya maji, ili funza wa mbao wasiitoboe. Ilipokaguliwa baada ya kama miaka miwili, shaba ilikuwa salama, lakini misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imelika vibaya. Mahali pengine misumari ilikuwa mizima. Kwa nini? Karatasi ya kahawia iliyofungiwa mabamba yale ilikuwa imesahauliwa katikati, ikazitenganisha metali mbili.

Mitepe yetu ya zamani haikuwa na tatizo hili. Ilishonwa kwa kamba za makumbi, haikupigwa msumari.

Sasa rudi kwa Davy. Mwaka 1824, mtu yule yule aliyezitoa sodiamu na potasiamu aliombwa awazuilie wanamaji shaba yao isiliwe na bahari. Akageuza tatizo kuwa dawa: akabandika vipande vya zinki au chuma kwenye shaba, ili vipande hivyo viliwe badala yake. Ilifaulu. Shaba haikuliwa tena. Lakini kumbe ile shaba iliyokuwa ikiyeyuka kidogo kidogo ndiyo iliyokuwa sumu kwa chaza na mwani. Ilipoacha kuyeyuka, viumbe vikaota chini ya meli hadi zikawa nzito kwenda. Kwa meli zile mpango ukaachwa, ila fikra ya metali ya kujitolea ikabaki, nayo ndiyo iliyo chini ya kila mashine ya boti hadi leo.

Swali zuri la binti yangu

Nilipofika hapa, binti yangu akanikatiza. "Lakini Baba, kwenye orodha alumini iko juu ya zinki. Alumini ni kali zaidi. Si ingeliwa alumini, zinki ikasalimika?"

Wallahi nilifurahi. Sikuulizwa swali kama hilo na mtu yeyote nilipokuwa nikipaka ile rangi.

Jibu ni kwamba alumini hutembea na nguo. Mara inapoguswa na hewa hujivika ngozi nyembamba ya oksidi, isiyoonekana kwa macho, inayoifunga isikutane na maji. Ndiyo sababu sufuria zetu hazimaliziki jikoni ingawa alumini ni metali kali. Orodha ya darasani inapima alumini iliyo tupu. Baharini tunakutana na alumini iliyovaa ngozi, na ukiipima kwa volti ndani ya maji ya chumvi, alumini ya mashine inakuwa tulivu kuliko zinki. Kwa hiyo zinki hutangulia kuliwa.

Ila ngozi ile ina adui, naye ni ile klorini iliyoungana ndani ya chumvi. Huitoboa hapa na pale. Mguu wa mashine umeshikana na shafti ya chuma kisichoshika kutu, ambacho ni kitulivu kuliko alumini, kwa hiyo kinaivuta elektroni zake. Zinki ikiwepo na ikigusana na maji, yenyewe ndiyo hutoa. Zinki ikifungwa kwa rangi, mzigo wote unabaki kwa alumini, na kuliwa huanzia pale ngozi ilipotobolewa. Hayo ndiyo mashimo ya mashine ya mjomba.

Mabati si bati

Kanuni hiyo hiyo iko juu ya paa lako. Tunayoyaita mabati si bati, ni chuma kilichovikwa zinki, na siku hizi mengine huvikwa zinki iliyochanganywa na alumini. Zinki hailindi chuma kwa kukifunika tu. Likikwaruzwa bati la paa, zinki ya pembeni huendelea kutoa elektroni na kukilinda chuma kilichofichuka, hadi yenyewe iishe. Bati halisi, lile linalopakwa ndani ya mikebe ya chakula, ni tulivu kuliko chuma. Mkebe ukikwaruzwa, chuma ndicho huliwa, na kwa kasi zaidi.

Hivyo basi, kwa mwenye boti na mwenye nyumba:

Usiipake rangi zinki ya mashine, wala usiiache ifunikwe na chaza. Ihakikishe imekazwa metali kwa metali, maana ikiwa kuna rangi au kutu kati yake na mashine, elektroni hazina njia. Ibadilishe inapofika nusu. Zinki ambayo haipungui kabisa usiifurahie, huenda haifanyi kazi.

Usipake rangi ya kuzuia chaza yenye shaba juu ya mguu wa alumini.

Usipige msumari wa shaba kwenye mabati, na usiache maji yanayopita kwenye bomba la shaba yadondokee juu yake. Unapolazimika kufunga metali mbili tofauti, weka washa ya mpira au ya plastiki katikati, kama ile karatasi ya kahawia.

Na ukirudi pwani, ioshe mashine kwa maji matamu. Chumvi ikiondoka, njia ya umeme imekatika.

Jaribio la bilauri tatu

Wazazi, hili fanyeni na watoto. Chukua misumari mitatu ya chuma cha kawaida na uipige msasa. Msumari wa kwanza uache ulivyo. Wa pili uzungushie waya wa shaba uliomenywa. Wa tatu ufunge na kipande kidogo cha zinki kuukuu, utakipata kwa fundi wa mashine za boti. Kila mmoja uutie kwenye bilauri ya maji ya bahari, na uiache dirishani.

Kwetu, baada ya siku tatu, msumari wa shaba ulikuwa na kutu nyingi kuliko wote, ule wa peke yake ulikuwa na kutu ya kiasi, na ule wa zinki ulikuwa haujaota kutu, ila zinki yenyewe imevaa weupe. Binti yangu aliandika matokeo kwenye ukurasa ule ule wa orodha yake, kisha akachora jedwali la elementi pembeni na kupiga mishale. Sasa hakariri tena. Ukimtajia metali mbili, huuliza kwanza kila moja imekaa wapi, na kama imevaa ngozi.

Mashine ya mjomba ilitengenezwa kwa pesa ambazo hangezitoa lau si mimi, na nilichangia nilichoweza. Tangu hapo nina kazi ya kudumu. Kila anapoipandisha boti pwani humpigia simu.

"Mjomba, zinki yaliwa?"

"Yaliwa, mwanangu."

"Alhamdulillahi."